Kisima kirefu kijijini: ya kufanya kabla rigi haijaja na baada ya kuondoka

Vijiji vingi vinaanza kwa kutafuta rigi, yani mtambo wa kuchimba. Mtu wenu yuko Dar au nje ya nchi kachangisha hela, au mbunge kaahidi, basi simu ya kwanza inapigwa kwa mwenye mtambo, "mita moja sh ngapi?" Hilo ndo kosa linaloua miradi kabla haijazaliwa, maana mwenye mtambo analipwa kwa kutoboa ardhi, halipwi kwa nyinyi kunywa maji. Hela ya kwanza kutoka iwe hela ya kupima. Kupima mwamba, kupima wingi wa maji, kupima ubora wa maji. Hizo tatu zikifanywa sawasawa mengine yote yanarekebishika, zikirukwa hata uweke sola ya nguvu kiasi gani ni kazi bure.

Naandika haya nikiwa na kanda ya kati kichwani, Singida na Dodoma, kwa sababu huko ndo maji ya chini yana visa vingi zaidi: mwamba mgumu, chumvi, floraidi (madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi), na mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Ukiwa Kitui au Turkana upande wa Kenya mengi yatakufaa, ofisi na sheria tu ndo zitabadilika.

Hatua ya 1: Mkutano, hesabu ya watu, na ardhi

Itisheni mkutano mkuu wa kijiji, sio kikao cha watu sita ofisini kwa mtendaji. Mambo matatu yatoke pale yakiwa yameandikwa kwenye muhtasari na kusainiwa: kwamba kijiji kinataka mradi, kwamba watu watalipia maji (hili liseme mapema kabisa, usilifiche mpaka siku ya kuzindua), na kwamba ardhi ya kisima, tenki na vilula (vituo vya kuchotea maji) itatolewa na wenyewe kwa maandishi. Ardhi msiichukulie poa. Mzee anatoa shamba kwa moyo safi, anafariki, watoto wanakuja wanafunga geti wanasema kisima ni cha baba yao. Karatasi ya kutoa ardhi isainiwe na mwenye shamba, mke au mume wake, na watoto wakubwa kama wapo, mbele ya mtendaji na mwenyekiti.

Alafu hesabu. Sera ya Maji ya Taifa ya 2002 ilisema mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250. Tuchukue kijiji cha watu 2,000. Mara 25 ni lita 50,000 kwa siku, na vituo 8. Hapo hujahesabu shule, zahanati, na ng'ombe. Ng'ombe wa kienyeji anakunywa lita 25 au zaidi kwa siku ya jua kali, sasa kwenye kijiji cha wafugaji wenye ng'ombe 1,000 mifugo peke yake inaweza kula nusu nzima ya kisima. Amueni mapema kama mifugo imo au haimo. Kusema "haimo" alafu usiwape wafugaji pa kunyweshea ni kujidanganya, watavunja koki usiku.

Waulizeni kina mama wanachota wapi sasa hivi, kiangazi na masika, na wanatumia saa ngapi. Wanajua visima vyote vya kienyeji, kipi kinakauka Septemba na kipi kina chumvi, hiyo ni data ya bure ambayo hata mtaalam wa miamba ataihitaji akija.

Hatua ya 2: Nendeni ofisini, hata kama hela ni yenu

Maji ya chini ya ardhi sio ya mwenye shamba. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 usimamizi uko kwa Bodi za Maji za Mabonde, ziko tisa nchi nzima. Kanda ya kati wengi mnaangukia Bonde la Kati, ofisi yake iko Singida mjini, lakini sehemu kubwa ya Dodoma ni Wami/Ruvu au Rufiji, kwa hiyo ulizeni kwanza mko bonde gani. Huko ndo mnaomba kibali cha kuchimba, na kisima kikishapatikana mnaomba kibali cha kutumia maji. Mchimbaji naye lazima awe na leseni, mwambieni aitoe muione na mpige picha.

Ofisi ya pili ni RUWASA wilayani, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019. Watu wanawakwepa wakidhani watachelewesha, ila kuna faida kubwa tatu. Kwanza wana kumbukumbu za visima vilivyochimbwa jirani, kina chake, maji kiasi gani, vilivyokosa maji, na hizo rekodi zinaweza kukuokoa mamilioni. Pili mradi ukiisha lazima usimamiwe na chombo cha jamii kilichosajiliwa, wanaita CBWSO, na wasajili ni wao. Tatu, labda tayari wana mpango wa kutoa bomba kijiji cha pili na nyie mnataka kuchimba kilomita mbili kutoka hapo.

Hatua ya 3: Sevei (kupima mwamba)

Hapa ndo pa kukaa kidogo.

Kanda ya kati chini kuna mwamba wa kale mgumu, graniti na ndugu zake. Mwamba wenyewe hauna maji. Maji yanakaa sehemu mbili tu: kwenye tabaka la juu ambapo mwamba umeoza na kulainika, na kwenye nyufa. Kwa hiyo unaweza kuchimba hapa ukapata lita 6,000 kwa saa, ukasogea mita 50 ukatoboa mpaka mita 120 unatoa vumbi tu. Pwani na sehemu za mchanga ni tofauti, huko maji yametandaa, tatizo lao ni chumvi ya bahari.

Kazi ya sevei ni kutafuta hizo nyufa na hilo tabaka lililooza. Mtaalam mzuri anaanza na picha za setilaiti na ramani ya miamba, anatafuta mistari mirefu iliyonyooka, mara nyingi mto wa msimu unapinda ghafla kufuata ufa, au miti mikubwa imejipanga mstari. Mikuyu ni dalili nzuri, mkuyu haupendi pakavu. Baada ya hapo ndo anakuja na mashine, anapiga vigingi vya chuma ardhini, anapitisha umeme na kupima ukinzani wa ardhi kwa kina tofauti tofauti. Mwamba mkavu unakataa umeme, mwamba wenye maji unapitisha. Ila udongo wa mfinyanzi nao unapitisha, na maji ya chumvi yanapitisha kuliko yote, ndo maana mtu akikwambia mashine yake "inaona maji asilimia mia" mpe nauli arudi. Mashine haioni maji, inaona ukinzani, maji anayatafsiri mtu.

Na wale wanaotembea na fimbo mbili au nazi mkononi mpaka ianguke? Wapo, na wengine wanapatia, kwa sababu wamekaa eneo hilo miaka 40 wanajua mabonde. Mi siwapingi kwenye kisima cha mkono cha mita 8. Kwa kisima cha mita 100 cha mamilioni, hapana.

Ripoti mtakayopewa iwe na sehemu angalau tatu zimepangwa ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila moja na namba za GPS, kina kinachotarajiwa, na mahali mwamba mgumu unapoanza. Kila sehemu ipigwe kigingi na kumwagiwa zege, na mpige picha na kitu kisichohama kama mti au jengo. Nasema hivi kwa sababu vigingi vinatembea. Sehemu namba moja iko bondeni kwa bibi mjane, siku ya rigi kigingi kinakutwa karibu na duka la mkubwa fulani, hakuna anayejua kilifikaje.

Angalieni pia choo kilipo. Kisima kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye choo, zizi au makaburi, mita 50 ni bora zaidi, na kiwe upande wa juu wa mteremko. Kwenye mwamba wenye nyufa uchafu unasafiri mbali kuliko mnavyodhani.

Hatua ya 4: Mkataba na mchimbaji

Kuna aina mbili za makubaliano ambazo mtakutana nazo. Moja ni kulipa kwa mita, maji yapatikane yasipatikane. Nyingine ni "hamna maji hamna malipo". Ya pili inavutia sana kwenye mkutano wa hadhara, watu wanapiga makofi, lakini bei inakuwa imepandishwa kufidia visima vikavu, na mbaya zaidi mchimbaji akipata katone ka kwanza anasimama pale pale anasema "maji hayo, nilipeni". Mi napendelea kulipa kwa mita kwa kufuata sevei nzuri, na mkataba uandike kabisa kina cha mwisho kisichozidishwa, nani anaamua kusimama (msimamizi wenu, sio dereva wa rigi), na bei ya kisima kikavu iwe pungufu maana hakitavikwa bomba.

Mambo mengine ya kuandika: kipenyo cha kisima, aina na unene wa bomba la kesingi (linalovikwa ndani ya kisima), skrini za kiwandani (bomba lenye mianya ya kuingiza maji), changarawe ya kuchuja, kusafisha kisima kwa kompresa mpaka maji yawe meupe, pampu testi ya saa 24 (kuvuta maji mfululizo kupima wingi wake), vipimo vya maabara, na ripoti ya kisima nakala tatu. Malipo ya mwisho yabaki mkononi mpaka ripoti ya maabara itoke. Siyo mpaka maji yatoke, mpaka ripoti itoke.

Gharama ya kuleta mtambo inaweza kuwa kubwa kweli kama unatoka mbali, kwa hiyo kama vijiji viwili vitatu vya jirani navyo vinataka, unganeni mtambo uje mara moja.

Hatua ya 5: Siku ya kuchimba

Tafuteni msimamizi anayejua kazi, asiyelipwa na mchimbaji. Hata fundi mstaafu wa idara ya maji, wapo wengi mitaani. Kijiji nacho kiweke vijana wawili wenye daftari. Kazi yao ni rahisi na inaokoa hela:

Wahesabu rodi, yale mabomba ya chuma ya mtambo yanayoungwa yakishuka chini. Unalipa kwa mita, na kina ni idadi ya rodi mara urefu wa rodi moja, pima moja kwa tepu kabla hazijaanza kushuka. Ukifika mwisho hesabu yako na ya mchimbaji zifanane.

Kila mita moja au mbili wachukue konzi ya udongo unaotoka waupange chini kwenye mstari kwa namba. Pale rangi inapobadilika, pale vipande vinapokuwa vikubwa, pale maji yanapoanza kuruka na kompresa, andikeni mita ngapi. Hiyo orodha ndo inaamua skrini ziwekwe wapi. Skrini ni bomba lenye mianya, inatakiwa ikae mkabala na ufa wenye maji, sio popote. Nimeona visima vyenye maji mazuri vimezibwa na bomba zima mbele ya ufa, skrini iko mita ishirini juu kwenye tope.

Wakatae bomba lililotobolewa kwa msumeno wa chuma. Mianya ya msumeno ni mipana na haina mpangilio, mchanga utaingia, pampu itakufa mapema. Wakatae pia kokoto za barabarani kuwekwa kama kichujio. Inayotakiwa ni changarawe ya mviringo, safi, ya milimita 2 hadi 4 hivi, ya kokwa ngumu inayong'aa, sio mawe yaliyopondwa yenye vumbi.

Juu, mita 3 za mwanzo au zaidi zizibwe kwa saruji kuzunguka bomba ili maji ya mvua na mkojo wa ng'ombe yasiteremke pembeni. Hii ndo sehemu wachimbaji wanairuka kuliko zote kwa sababu haionekani, na ndo sababu kubwa visima virefu vinakutwa na vijidudu vya kinyesi. Simameni pale mpaka saruji iingie. Bomba libaki limechomoza juu ya ardhi angalau sentimita 30 na lifungwe kifuniko cha chuma siku hiyo hiyo, watoto wanapenda kutumbukiza mawe.

Kisima kikitoka kikavu? Nendeni sehemu ya pili kwenye ripoti, ndo maana mliomba tatu. Sehemu zote zikikataa msiendelee kuchoma hela, fikirieni njia nyingine. Kwenye mito ya mchanga kama ya Machakos na Kitui kule Kenya wanajenga ukuta mdogo kukatisha mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake na maji yanajificha ndani ya mchanga kiangazi kizima, na yanatoka yakiwa yamechujwa. Kanda ya kati ina mito ya namna hiyo mingi tu.

Hatua ya 6: Pampu testi

Kompresa ikirusha maji juu watu wanaimba na kucheza, mbunge anapiga picha, na kesho yake mtu anaagiza pampu. Ngoja kwanza. Maji ya kompresa ni makadirio tu.

Testi inakwenda hivi. Kwanza mnapima maji yamekaa mita ngapi kutoka juu kabla ya kuvuta, tuseme mita 18. Mnavuta kwa hatua, kidogo, kati, nyingi, kila hatua saa moja hivi, mnaona maji yanashuka kiasi gani. Kisha mnachagua kiwango kimoja mnavuta mfululizo saa 24 bila kuzima, huku mtu anapima na kuandika, mwanzoni kila dakika na baadaye kila nusu saa. Mkizima mnapima tena maji yanarudi kwa kasi gani. Kama kwa lita 7,000 kwa saa maji yameshuka mpaka mita 42 yakatulia hapo, mna kisima. Kama yanaendelea kushuka mpaka saa ya mwisho, au yakizimwa yanachukua siku mbili kurudi, kisima ni kidogo kuliko kinavyoonekana. Usivute kiwango chote kilichopatikana kwenye testi, acha akiba, ukitumia kama asilimia 60 au 70 kisima kitadumu.

Testi ya maana ni ile ya mwisho wa kiangazi, Septemba mpaka Novemba. Ya Aprili inadanganya, mvua imejaza kila ufa.

Kisima kikitoa lita 700 mpaka 1,000 kwa saa msikidharau wala msikifukie. Hicho kinatosha pampu ya mkono kwa watu wapatao 250 au 300. Pampu ya mkono aina ya Afridev inavuta mpaka mita 45 hivi, India Mark II mpaka kama 50. Afridev ilifanyiwa majaribio Kwale pwani ya Kenya na kule Malawi miaka ya 1980, na wazo zima lilikuwa wanakijiji wenyewe waweze kuifungua kwa spana moja bila kusubiri fundi wa wilaya. Kwa kitongoji kidogo bado naona ni bora kuliko sola inayogombaniwa.

Hatua ya 7: Maabara

Maji ya kisima kirefu yakiwa meupe na ya baridi kila mtu anasema "masafi haya". Meupe ndiyo, masafi hujui bado.

Chukueni sampuli saa za mwisho za pampu testi. Ya kemia kwenye chupa safi ya lita moja iliyosuuzwa mara tatu kwa maji hayo hayo. Ya bakteria kwenye chupa iliyochemshwa ya maabara, msiiguse mdomo wake, iwekwe kwenye barafu na ifike maabara siku hiyo hiyo, kwa vyovyote isizidi saa 24. RUWASA watawaambia maabara ya ubora wa maji iliyo karibu.

Kwenye majibu angalieni kwanza floraidi. Singida, Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Shinyanga ndo mikoa yenye sifa hiyo. Shirika la Afya Duniani linaweka mwisho miligramu 1.5 kwa lita. Zamani Tanzania tulikuwa tunaruhusu mpaka 4, ndo maana utakuta kisima cha zamani kimepitishwa na watoto wote wana meno ya kahawia. Ikizidi sana na kwa miaka mingi inapinda mifupa. Na kuchemsha hakusaidii, kunaongeza, maana maji yanapungua floraidi inabaki. Njia iliyofanyiwa kazi sana kule Ngurdoto, Arusha ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, inafanya kazi, ila kichujio kinachoka na lazima kibadilishwe, kwa kijiji kizima ni mzigo. Bora kuhamia kisima kingine au kuchanganya na maji yenye floraidi ndogo, na haya yenye floraidi yabaki ya kufulia na ujenzi. (Kama mnapikia maharage kwa magadi, jueni magadi nayo yana floraidi yake.)

Pili ni chumvi, hiyo ulimi utawaambia, watu wakiona maji yana chumvi watarudi dimbwini kimya kimya hata uwape bure. Tatu chuma: maji yanatoka meupe, yakikaa kwenye ndoo yanageuka mekundu na chai inakuwa nyeusi, hayaui mtu ila watu wanayakataa. Kama maji yana ukali wa asidi msitumie mabomba ya chuma kwenye pampu, yataoza. Nne naitreti, mwisho wake ni miligramu 50 kwa lita, ikiwa juu jueni choo au zizi vinaingia kisimani. Maeneo ya migodi ya dhahabu ombeni na aseniki ipimwe. Kwa bakteria jibu linalotakiwa ni sifuri kwenye mililita 100.

Bakteria wakikutwa kwenye kisima kipya mara nyingi ni uchafu wa vifaa vya kuchimbia, unatibika kwa klorini. Kisima cha inchi 6 kinabeba lita 18 hivi kwa kila mita, kwa hiyo mita 50 za maji ni kama lita 900. Unga wa klorini ule wa HTH wenye nguvu ya asilimia 65, gramu 140 zinatosha kufikia miligramu 100 kwa lita. Koroga kwanza kwenye ndoo ya plastiki, mimina, zungusha maji kwa pampu, acha usiku mzima, kesho vuta umwage mbali na bustani mpaka harufu iishe. Pimeni tena baada ya siku chache. Wakirudi, tatizo ni ile saruji ya juu.

Hatua ya 8: Pampu, sola, tenki

Sasa ndo mnunue, kwa sababu sasa mna namba. Hesabu ya sola sio ngumu, msikubali muuzaji awafanyie peke yake. Chukua maji ya siku kwa mita za ujazo (lita 50,000 ni 50), zidisha kwa urefu wote wa kupandisha, yani kutoka maji yalipotulia wakati wa kuvuta mpaka mdomo wa tenki pamoja na msuguano wa bomba, tuseme mita 80, zidisha tena kwa 2.725. Inakuja kama wati-saa 10,900. Pampu na mota vinapoteza nusu, kwa hiyo weka 22,000. Gawa kwa saa 5 za jua zuri, ni wati 4,400, ongeza robo mpaka theluthi kwa ajili ya vumbi, joto na mawingu, mnafika kwenye paneli za wati 5,500 mpaka 6,000. Muuzaji akileta za 2,000 muulizeni hesabu yake iko wapi.

Pampu isiguse sakafu ya kisima, ila ikae chini ya pale maji yanaposhukia wakati wa kuvuta, na iwe na kifaa cha kuizima maji yakiisha. Fungeni waya wa ardhini kwa ajili ya radi, Singida radi zinapiga kweli. Paneli zifungwe kwa bolti zisizofunguka, ziwe juu, karibu na nyumba ya mtu anayelala pale.

Msiweke betri. Akiba yenu ni tenki, maji juu ya mlima hayachakai. Nusu ya matumizi ya siku inatosha kuanzia, lita 25,000. Kama kuna kilima tumieni kilima, mnara wa zege ni hela nyingi. Simtanki za plastiki ni sawa zikiwa na kivuli na msingi wa zege uliosawazishwa, ukikaa upande zinapasuka.

Mabomba yafukiwe, angalau futi mbili na nusu, watu wanalima juu yake na plau. Kila kilula kiwe na mita yake, sakafu ya zege, mfereji wa kupeleka maji yanayomwagika, na mbauti ya mifugo (birika la kunyweshea) iwe mbali kidogo na pa kuchotea ndoo.

Hatua ya 9: Hela ya ndoo

Hapa mradi unafia au unaishi. Chombo cha watumia maji kisajiliwe, kiwe na fundi na mhasibu wanaolipwa, maana kamati ya kujitolea inafanya kazi miezi mitatu ya shauku alafu kila mtu anarudi shambani kwake. Akaunti benki, na wasaini wasiwe ndugu.

Bei ya ndoo ipangwe kwa hesabu, sio kwa huruma. Mfano: pampu na kidhibiti chake ni milioni 8, mkitegemea vidumu miaka 7, hiyo ni karibu sh 95,000 kila mwezi inayotakiwa kukaa pembeni bila kuguswa, kabla hujalipa mshahara, mlinzi, koki na nauli ya fundi. Na msipige hesabu kwa lita 25 kwa mtu. Watu wakianza kulipia wanachota pungufu ya hapo, na masika ikinyesha mauzo yanaanguka wiki hiyo hiyo, kila nyumba ina bati na ndoo. Kwa hiyo bei ibebe miezi ya masika.

Kama mnaweza, wekeni mita za malipo ya kabla, mtu anaweka hela kwenye kikadi anachota hata saa nne usiku, hakuna wa kukaa na pesa mfukoni. Msipoweza, muuzaji alipwe kwa asilimia ya mita inavyosoma, na mita isomwe kila wiki na mtu mwingine. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani kwa mtendaji kila mwezi, kwa maandishi makubwa. Wazee na wasiojiweza wajadiliwe kwa majina mkutanoni wapewe bure kiasi fulani, isiachwe kwa muuzaji kuamua, ataamua kwa sura.

Hatua ya 10: Daftari la kisima

Fundi awe na daftari moja lisilotoka ofisini: tarehe, mita imesoma ngapi, pampu imefanya kazi saa ngapi, maji yamekaa mita ngapi chini asubuhi kabla ya kuvuta. Dipa ya kupimia mkiweza nunueni, msipoweza kamba yenye alama na kipande cha bomba chini kinachogonga maji kinatosha, ila acheni tundu dogo kwenye kifuniko cha kisima tangu siku ya kufunga, likiwa na kizibo. Kila mwaka mwezi wa kumi peleka sampuli maabara. Maji yakianza kushuka mwaka hadi mwaka, punguzeni saa za kuvuta na mpeleke daftari kwenye ofisi ya bonde lenu, huenda kuna mtu kachimba kisima cha umwagiliaji jirani bila kibali, na bila hilo daftari hamna la kuonyesha.